Mifano ya Waandishi kuhusu Siasa, Fedha na Madaraka: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma

Nimeandaa habari za redio hapa Kigoma kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwalea waandishi chipukizi. Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Wapo vijana wanaoniletea habari mezani ikiwa na mfano ambao hawajaupima. Wapo pia wasikilizaji wanaonisimamisha sokoni Mwanga au mwaloni Kibirizi kuniambia kwamba mfano wetu wa jana umewapoteza. Hao wa pili wamenifundisha zaidi.

Kwa nini mwandishi atumie mfano? Si aseme jambo lenyewe?

Jambo likieleweka lenyewe, aliseme lenyewe. Diwani akisema barabara ya kata itachongwa mwezi ujao, hakuna haja ya kuifananisha na chochote. Mfano unahitajika pale msikilizaji anapokosa pa kushika. Trilioni hajawahi kuihesabu, nakisi ya bajeti hajawahi kuiona, hatifungani, ile hati ya kuikopesha serikali, hajawahi kuigusa. Hapo unachukua kitu alichokizoea, unakiweka kando ya kile asichokijua, naye anaanza kuona.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Ukitumia kitu cha msikilizaji, umempa kipimo cha kukukamatia. Mvuvi wa Katonga hatabishana nami juu ya sera ya fedha. Lakini nikiifananisha sera hiyo na wavu au karabai, yeye ndiye fundi na mimi ndiye mwanafunzi. Nikikosea atajua palepale. Kwa hiyo mfano mzuri hupunguza kidogo madaraka ya mwandishi na kuyahamishia kwa anayesikiliza. Mwandishi anayeogopa kukamatwa hukimbilia mifano ya mbali ambayo hakuna wa kuihakiki.

Trilioni nitaielezaje bila kumchanganya mtu?

Tuichukue bajeti ya serikali ya mwaka wa fedha 2024/25, ambayo ilikuwa shilingi trilioni 49.35.

Kijana mmoja aliniletea hesabu ya noti. Noti za 10,000 zikifungwa mia mia, bunda moja ni milioni moja na unene wake ni kama sentimita moja. Mabunda yakipangwa moja juu ya jingine, bilioni moja ni mnara wa mita 10 na trilioni moja ni kilomita 10. Bajeti nzima ni karibu kilomita 490. Ukiulaza mnara huo kando ya reli kuanzia stesheni ya Kigoma, utafika Tabora, ambako ni kilomita 411, na utaendelea mbele. Hesabu ilikuwa sahihi na kijana alikuwa na furaha nayo. Nikamuuliza: msikilizaji akimaliza kushangaa, atakuwa amejua nini? Fedha hizo zinatosha? Zimezidi? Mnara wa noti unaonyesha ukubwa tu, na mambo ya serikali yote ni makubwa. Kesho ukimpa mnara wa kilomita 300 atashangaa vilevile.

Tukaugeuza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Gawanya bajeti kwa watu hao: inakuja kama shilingi 799,000 kwa mtu kwa mwaka, yaani karibu 2,190 kwa siku. Hapo mama wa Gungu anapata pa kuanzia. Kwa 2,190 ya siku, serikali inapaswa kumlipia mwalimu wa mtoto wake, dawa za zahanati, askari, barabara, umeme wa vijijini, na pia kulipa madeni ya nyuma. Ataanza kuuliza ngapi inakwenda wapi, na hayo ndiyo mazungumzo tuliyoyataka.

Lakini chunga kauli. Usiseme "kila Mtanzania atapata". Mzee mmoja aliwahi kuniuliza yake anaichukulia dirisha gani, na hakuwa anatania. Tulikuwa tumemwambia hewani kwamba ni yake. Sema "ukigawanya", kisha ongeza kwamba sehemu ya fedha hizo ni kodi na sehemu ni mikopo.

Mbona mnatangaza mfumuko wa bei umeshuka wakati sokoni bei zinapanda?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na kosa mara nyingi ni letu.

Asubuhi moja nilisoma kwenye taarifa kwamba mfumuko wa bei umeshuka, nikaongeza maneno yangu: bei zinarudi nyuma kama ziwa linavyorudi nyuma kiangazi. Mchana nilishuka Kibirizi. Mama mmoja anayeuza dagaa, ananijua kwa sauti, akaniita. "Mwanangu, hebu njoo. Ni wewe uliyesema bei zimerudi kama ziwa?" Nikamwambia ni mimi, shikamoo mama. Aliitikia marahaba huku ameshaiinua sado, akaijaza dagaa wakavu, akapitisha kiganja juu yake wale waliozidi wakaanguka kwenye turubai. "Sado hii ni ileile. Mwaka juzi niliiuza elfu kumi na tano. Mwaka jana kumi na nane. Leo kumi na tisa. Ziwa limerudi wapi?"

Nilisimama pale nikapiga hesabu kichwani. Kutoka 15,000 hadi 18,000 ni ongezeko la asilimia 20. Kutoka 18,000 hadi 19,000 ni kama asilimia 5 na nusu. Mfumuko wa sado yake ulikuwa umeshuka kweli, tena sana. Bei yake ilikuwa imepanda. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na mfano wangu ulikuwa umelitupa la pili.

Mfumuko wa bei ni mwendo wa kupanda. Ukishuka, bei zinapanda polepole zaidi, hazirudi zilikotoka. Ziwa lenyewe lingenitosha kama ningelitumia vizuri: maji bado yanapanda, ila mwaka huu yamepanda vidole viwili pale ambapo mwaka jana yalipanda shubiri. Wakazi wa pwani ya ziwa walioona maji yakimeza fukwe miaka ya karibuni wanaujua mwendo huo kuliko mwanauchumi yeyote. Nchini mfumuko umekuwa ukizunguka asilimia 3, maana yake kapu la 10,000 mwaka jana ni kama 10,300 mwaka huu. Na kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu lina vitu vingi, kodi ya nyumba, nauli, mavazi, kwa hiyo anayetumia karibu fedha zake zote kwa unga, mafuta na mkaa anaweza kuumia zaidi ya kapu hilo. Yeye hajakosea. Kapu lake ni jingine.

"Asilimia 2" na "pointi 2" ni kitu kimoja?

Hapana. Kodi ya ongezeko la thamani ikishuka kutoka asilimia 18 hadi 16, imeshuka kwa pointi 2. Kodi yenyewe imepungua kwa karibu asilimia 11. Anayetaka punguzo lionekane dogo atasema 2, anayetaka lionekane kubwa atasema 11. Wewe taja 18 na 16 zote mbili, umemaliza.

Je, ni sawa kulifananisha deni la taifa na deni la nyumbani?

Ni mfano ulio karibu na mkono, na ndiyo maana wanasiasa wa pande zote wanaupenda. Baba aliyekopa mpaka kuku wa jirani, familia italala njaa. Kwa jambo moja mfano huo unasema kweli: ukikopa kwa ajili ya harusi na ukikopa kwa ajili ya kununua mashine ya kukamua mawese, siku ya kulipa hazifanani. Swali la fedha zimefanya nini linafaa nyumbani na linafaa serikalini.

Mengine yote yanachechemea. Baba anazeeka na mwenye deni anataka kulipwa kabla hajafa. Serikali hailazimiki kumaliza madeni yake yote siku moja, na huuza hatifungani mpaka za miaka 25. Baba hawezi kuongeza mshahara wake kwa kutunga sheria. Serikali inaweza kupandisha kodi. Na baba anadaiwa na watu wa nje, wakati sehemu kubwa ya deni la ndani la serikali iko mikononi mwa mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii ya humuhumu nchini. Kwa sehemu hiyo, kikundi cha VICOBA kinafaa kuliko nyumba: wanachama wanaokopeshana kutoka kwenye sanduku lao. Sanduku linaweza kufilisika pia, na wanachama wanajua jinsi linavyofilisika, ila si kwa njia ya yule baba.

Pia tenganisha deni na nakisi. Waandishi huyachanganya kila mwezi Juni. Nakisi, yaani pengo la mwaka kati ya matumizi na mapato, ni maji yanayoingia mwaka huu. Deni ni maji yote yaliyomo bwawani. Nakisi inaweza kupungua na bwawa likaendelea kujaa. Watu wa Tabora wanaojua Bwawa la Igombe hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Neno "himilivu" nalo lisiachwe lipite peke yake. Ukisikia deni ni himilivu, mwambie msikilizaji limepimwa kwa nini: thamani ya sasa ya deni hulinganishwa na pato la taifa, ukomo ukiwa asilimia 55. Hapo atajua kwamba ni hesabu ya uwezo wa kulipa, na kwamba haisemi kama mikopo ilitumika vizuri.

Halmashauri ikipata "hati safi", maana yake hakuna wizi?

Hapana, na lawama iko kwenye neno "safi". Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anaandika "hati inayoridhisha". Sisi tukaleta lugha ya dobi, safi na chafu, na watu wakaelewa kama watu wanavyoelewa kuhusu nguo. Maana halisi ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa kanuni na zinaonyesha hali ya fedha ilivyo.

Fikiria kikundi ambacho mwenyekiti amenunua viti kwa bei mara tatu ya sokoni, risiti ipo, saini zipo, daftari limejaa vizuri. Daftari linaridhisha. Viti vimetuumiza. Ripoti ya CAG humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi na Aprili huwasilishwa bungeni, na ndani yake kuna kurasa nyingi za hoja za ukaguzi baada ya ile hati. Mwandishi anayeishia kwenye hati amesoma jalada. Nawasihi vijana wangu waseme "hati inayoridhisha" hata kama ni ndefu mdomoni.

Mnalinganishaje gharama za miradi, kwa mfano reli ya kisasa?

Kwa shaka, na kwa kuuliza kilichohesabiwa. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, takriban dola bilioni 2.2, kilomita 506. Mwandishi mwenye haraka atagawanya na kupata kama dola milioni 4.3 kwa kilomita, kisha ataweka kando reli ya nchi nyingine na kutangaza nani kapigwa.

Lakini zile 506 zina njia kuu kilomita 411 na njia za kupishana treni kilomita 95. Ukigawanya kwa njia kuu peke yake unapata zaidi ya dola milioni 5.3 kwa kilomita. Namba zote mbili ni halali. Kisichokuwa halali ni kuchukua 506 ya huku na njia kuu tupu ya kule. Halafu kuna milima, madaraja, umeme, mabehewa yamo au hayamo. Reli mbili zinalinganishwa baada ya kuwekwa kwenye mizani moja, kama mchuuzi anavyoondoa kwanza uzito wa chombo kabla ya kupima mafuta.

Kwa ukubwa wa maeneo ni vilevile. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Ni kweli, na inapendeza kusikika, ila sensa ya 2022 iliwakuta humo watu 3,391,679 tu. Ukitaja eneo bila kutaja watu, msikilizaji anajenga picha ya mkoa usiokuwepo.

Serikali ilipofunga ziwa, mlitumia mfano gani?

Uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Mfano uliokuja haraka kwa kila mtu chumba cha habari ulikuwa shamba linalopumzishwa. Ulikuwa mzuri, nami niliupenda kwa siku mbili.

Kisha tukaukalia. Mkulima anayepumzisha shamba kwa kawaida ana jingine la kulima, au ana ghala. Mvuvi wa kibarua anayelipwa kwa mgawo wa usiku hana ziwa la pili. Kwa mkulima, uamuzi wa kupumzisha ni wake. Hapa uamuzi ulikuwa wa mwingine, na swali la madaraka, nani aliamua na nani alibeba gharama, lilikuwa limefichwa chini ya majani ya shamba. Tena shamba lina mpaka, ziwa hili lina nchi nne. Samaki kama mgebuka hasomi ramani.

Hatukuutupa mfano. Tuliutumia kueleza kwa nini samaki wanahitaji muda, jambo ambalo unalieleza vizuri, halafu tukasema waziwazi: mfano unaishia hapa. Tukaendelea na habari ya mchuuzi, fundi mitumbwi na mpika chai wa mwaloni, ambao hakuna shamba linalofanana nao. Sentensi hiyo ya "mfano unaishia hapa" ni fupi, na nadhani kila habari ya fedha inaihitaji.

Kwa nini mnaelezea siasa kama mpira?

Kwa sababu kila mtu anajua mpira, na kwa sababu tuna uvivu. Mgombea "yuko dimbani", chama "kimesajili", waziri "kacheza faulo", mwingine "anaupiga mwingi". Lugha ya mpira ina faida moja ya kweli: inamkumbusha msikilizaji kwamba kuna sheria za mchezo na kuna refa, na kwamba inafaa kumtazama refa. Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakumbukwa vizuri kwa sababu ya mpira: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mtu akisikia 4-4-2 hasahau.

Shida ni mahali mpira unapomweka mwananchi, yaani jukwaani. Anashangilia, anazomea, dakika 90 zikiisha anakwenda nyumbani, na matokeo hayabadilishi bei ya mbolea. Katika uchaguzi mpiga kura ndiye mwenye uwanja. Nimekata maneno ya mpira kutoka kwenye habari nyingi za uchaguzi, na sijawahi kukuta habari iliyopoteza kitu. Na misemo ya sifa kama "anaupiga mwingi" inabaki kwenye midomo ya waliosema. Ikiingia katika maelezo ya mwandishi, imegeuka hukumu.

Na maneno kama kupe, mirija, vigogo, majipu?

Haya ni mifano iliyozeeka mpaka watu wamesahau kuwa ni mifano. "Beberu" ni mbuzi dume. "Kigogo" ni gogo la mti. Miaka ya Azimio la Arusha, kuanzia 1967, kupe na mirija vilieleza unyonyaji kwa namna ambayo mfugaji yeyote aliielewa: kupe hafanyi kazi, hukua kwa damu ya anayefanya. Ulikuwa mfano wenye nguvu, na nguvu hiyohiyo ilifanya mwenye duka dogo kijijini aweze kuitwa kupe bila mtu kuuliza amemnyonya nani.

Linalonisumbua zaidi ni "kutumbua majipu". Baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015, neno hili lilienea, na vyombo vya habari tukalichukua moja kwa moja. Ofisa akisimamishwa kazi, kichwa cha habari ni "atumbuliwa". Likazoeleka hata kwa anayestaafishwa au kuhamishwa. Tazama mfano wenyewe unasema nini: jipu halisikilizwi. Halina utetezi, halina rufaa, ndani yake ni usaha na kila mtu anajua. Ukisema mtu ametumbuliwa, umeshasema alikuwa jipu, hata kama uchunguzi unaanza leo. Mimi naandika "amesimamishwa", "uteuzi wake umetenguliwa", "anachunguzwa". Ni maneno baridi. Mtu mmoja na familia yake wanayahitaji yawe baridi mpaka ukweli upatikane.

Ni kweli mfano mmoja unaweza kubadili siasa za nchi?

Uko mmoja ulitolewa Tabora. Januari 1958 TANU walikutana huko kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu. Sheria ya kikoloni ilimlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wajumbe wengi walitaka kususia. Simulizi za mkutano ule zinasema Nyerere aliwapa picha ya mtu mwenye mazao shambani, na mbele yake tope. Apite topeni achafuke miguu afikishe mazao yake, au abaki msafi mazao yaoze? Mkutano ukaamua kushiriki, uamuzi ulioitwa wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali; alijitoa akaanzisha chama chake. Wagombea waliokuwa na TANU walishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71.

Nauheshimu mfano ule. Ulichukua ubishi mgumu wa kanuni ukauweka mahali ambapo mjumbe wa kutoka kijijini angeweza kuupima kwa miguu yake. Hata hivyo ninapowafundisha vijana, nawauliza: tope lilitoka wapi? Tope huletwa na mvua. Kura tatu ziliwekwa na watu, kwa sheria, kwa makusudi. Mfano ulimfuta aliyelimwaga tope njiani. Kwa kiongozi anayetaka kikao kivuke salama, hilo lilikuwa jambo jema. Mwandishi aliyekaa nyuma ya ukumbi huo na kalamu alipaswa kuandika mfano kama ulivyosemwa, kisha aya inayofuata aandike sheria na aliyeitunga.

Kuna mifano ambayo hamuiruhusu kabisa?

Ipo. Kwanza, maji kwa watu. Kigoma tumepokea ndugu kutoka Burundi mwaka 1972, 1993 na 2015, na kutoka Kongo kuanzia 1996, mwaka kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Kila mara magazeti yaliandika "mafuriko" na "wimbi". Mafuriko hujengewa kingo, hayaulizwi yanatoka wapi wala yana watoto wangapi. Muha wa Kibondo na Mrundi aliyekimbilia kambi ya Nduta wanasikilizana bila mkalimani. Mmoja wao hawezi kuwa maji. Andika watu wangapi walivuka, siku gani, kwa njia gani, na kijiji kilichowapokea kilikuwa na visima vingapi.

Pili, wadudu na wanyama kwa watu. Hili si suala la adabu tu. Redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende, mwaka 1994 watu wakauawa kwa mamia ya maelfu, na tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao, ila wote watatu walibaki na hatia. Wanafunzi wangu wote wanaijua tarehe hiyo, kwa sababu mahakama ilikuwa katika nchi yetu na walioshtakiwa walifanya kazi kama yetu.

Methali je? Nazo ni hatari?

Nyingi hazina shida. Tahadhari moja: "wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi". Kila mgogoro wa viongozi unapozuka tunaivuta. Inawaonea huruma wananchi, ila inawageuza nyasi, na inawaacha fahali bila majina. Taja majina, taja wanachogombania. Pengine utagundua nyasi nao walikuwa na la kusema.

Mfano wa Kigoma unafaa Tabora?

Mara chache. Tukisema "giza la mwezi", mvuvi wa dagaa anajua ni siku za kazi na fedha, kwa sababu karabai huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa chombo kinapumzika. Urambo hilo halina maana. Kule kuna msimu wa masoko ya tumbaku, na mkulima anayeuza kwa bei ya dola anaielewa thamani ya shilingi kuliko wasomaji wengi wa kurasa za biashara. Shilingi ikishuka, kilo yake ileile inampa shilingi nyingi zaidi, kisha mbolea ya msimu unaofuata, iliyotoka nje, inazirudisha kwa wenyewe. Huku Kibirizi tunaeleza jambo hilohilo kwa faranga ya Kongo na vitenge. Mwandishi anayerusha matangazo mikoa yote miwili aandike mifano miwili. Inachukua dakika kumi.

Mnajuaje mfano unafaa kabla ya kuurusha?

Tunaupeleka kwa mwenye kitu. Ukitaka kutumia mtumbwi, mwulize fundi. Ukitaka kutumia VICOBA, mwulize mweka hazina wa kikundi. Mwambie mfano, nyamaza, msikilize anauendeleza vipi. Atakwenda nao mahali ambapo hukufikiria, na huko ndiko wasikilizaji wako wote watakakokwenda ukishausema. Ikiwa huko kuna uongo, ubadilishe.

Mkikosea mfano, mnasahihisha?

Ndiyo, kwenye taarifa ya saa ileile, kwa kulitaja kosa lilivyokuwa. Baada ya siku ile ya sado nilirudi hewani kesho yake asubuhi nikasema: jana nilisema bei zinarudi nyuma kama ziwa, haikuwa sahihi, bei bado zinapanda ila polepole kuliko mwaka jana, na nikatumia hesabu ya 15, 18 na 19 kwa ruhusa ya mwenye hesabu. Wiki iliyofuata nilipita Kibirizi kununua dagaa wa nyumbani. Mama alijaza sado, hakupitisha kiganja juu yake safari hii, akanimiminia kwenye mfuko pamoja na kile kilima chake. "Nilikusikia," akasema. "Sasa hilo deni mnaloliita himilivu, nalo utatuletea lini?"